Kumi na Moja kwa Ishirini

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, alifundisha Kifaransa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akimwambia mtu jambo kwa Kifaransa. Alisahihisha tu. Wanafunzi walimwita Mesye, yaani Bwana, naye akalipenda jina hilo mpaka akataka na nyumbani tumwite hivyo. Dada alijaribu siku mbili ulimi ukamshinda. Mimi sikujaribu. Nilimwita shemeji, na nikikasirika nilimwita mwalimu, na mwenyewe alijua tofauti.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea na sebule yao vinatenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta wenyewe nadhani uliwekwa kwa ajili ya heshima tu, maana sauti hauzuii. Kila alasiri alikuwa na wanafunzi wa ziada pale sebuleni, sita au saba, wamebanana kwenye kochi, na somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa la sifa kufuata jina. Nimelisikia nikishona mashati, nikishona sare, nikifumua nilichokosea. Nalijua kuliko baadhi ya waliofaulu.

Ni hivi. Kwa Kifaransa kila kitu ni mume au mke. Meza ni mke, kitabu ni mume, usiulize kwa nini, shemeji hakupenda maswali ya kwa nini. Sasa ukitaka kusema meza ni ya kijani, hicho kijani lazima kivae kike, kiongezewe herufi e mwishoni. Meza zikiwa nyingi unaongeza na s. Na mara nyingi herufi zenyewe hazisikiki. Mtu akizungumza huzisikii kabisa, ziko kwenye karatasi tu, zinamngoja mwenye kalamu nyekundu. Nasi tunavyo vitu hivyo, kiti kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, lakini tunavisema huku tunakaanga vitunguu na hakuna anayepewa maksi.

Kanuni moja ndiyo ilinichoma. Wanawake mia wakikaa pamoja, sifa yao ni ya kike. Akiingia mwanamume mmoja tu, hata kama amepita kuulizia njia, sifa ya wote inageuka ya kiume. Shemeji akifika hapo alikuwa anapandisha sauti kidogo. Nilisimamisha cherehani nikajisemea, hii huyu hakuisoma chuoni, ameikuta imemkaa. Kwa maana nyumba ile tulikuwa wanne mezani, yeye na wanawake watatu, dada, binti yao na mimi niliyekwenda kula kwao, na dirisha lilifunguliwa pale Mesye aliposikia joto.

Kalamu nyekundu haikutoka mfuko wa shati. Aliwahi kuletewa kadi ya pongezi na mke wa mkuu wa shule, mama wa watu amejitahidi akaandika mistari miwili ya Kifaransa, shemeji akaisahihisha akamrudishia. Makosa matatu. Mwaka ule nafasi ya mkuu wa idara ya lugha ilipewa mwalimu wa michezo, na shemeji alikaa anajiuliza amekosea wapi. Hilo ndilo kosa pekee ambalo hakuliona.

Binti yao tulimwita Kidoti, kwa ajili ya doa dogo chini ya jicho. Mtoto wa pekee, na alikuwa na akili ya kutisha. Alilelewa na ile kalamu, alijua meza ni mke kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akapata ufadhili wa kusomea uuguzi ng'ambo, nchi ya watu wa Kifaransa. Siku ya kuondoka, sanduku liko mlangoni, dada anamfunga vifungo vya koti nililomshonea, shemeji akatoa amri yake.

"Barua zote uandike kwa Kifaransa. Ya Kiswahili sitaifungua. Ukiacha kuandika, lugha itakuozea."

"Na mama je?" Kidoti akauliza.

"Mama nitamwambia mimi."

Basi. Neno hilo ndilo lililomponza dada yangu miaka saba. Simu za mkononi zilikuwa bado, barua zilipitia sanduku la shule, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani? Haya.

Barua ikija, ilikuwa hivi. Shemeji anakaa, anavaa miwani, anachomoa kalamu. Dada anatoka jikoni mikono ina maji, anasimama kwenye kizingiti, hakai, kana kwamba akikaa habari zitachelewa. Karatasi inageuzwa. Kalamu inakwaruza, naisikia huku kwangu. Halafu dada anauliza, "Baba Kidoti, anasema nini?"

"Makosa tisa."

"Lakini hajambo?"

"Hajambo. Kumi na tatu kwa ishirini."

Na hapo bwana huyo anaandika maksi juu ya karatasi, anayazungushia duara, anaitia barua ile ile kwenye bahasha mpya na kumrudishia aliyeiandika, ili ajifunze. Chini anaongeza kwa Kiswahili, mama yako anakusalimu. Ndiyo. Katika nyumba ile hapakubaki barua hata moja ya mtoto. Zilibaki bahasha tupu zenye stempu, na dada alizikusanya akaziweka chini ya godoro. Nilimkuta siku moja anazipanga.

Dada mwenyewe aliandika mara tatu nne, kwa Kiswahili chake kizuri, akampa mumewe apeleke posta. Je, mwanangu unakula? Je, unalala vizuri? Majibu yalikuja kwa Kifaransa, na kwake yalifika yakiwa makosa saba, makosa kumi. Mimi nilimwambia, dada, tumtafute mtu mwingine anayejua lugha hiyo atusomee kabla hazijarudi. Alikataa. "Kungekuwa na jambo angeniambia," akasema. "Ni mume wangu, si tarishi." Nami nikanyamaza, na nikisema kweli, nilinyamaza kwa sababu nami nilijivuna. Wateja wangu niliwatambia kwamba mtoto wetu anaandikiana na baba yake kwa Kifaransa, wakabaki midomo wazi. Hilo linaniuma hadi leo.

Habari kubwa nazo zilipita mlango huo huo. Kidoti ameolewa huko, tuliambiwa baada ya shemeji kumaliza kusahihisha. Kisha siku moja akainua kichwa akasema, "Una mjukuu. Wa kike."

Dada akashika ukuta. "Amesema hivyo?"

"Hakusema. Nimejua kwa sifa. Zote ameziweka kike, na safari hii hakukosea hata moja."

Alifurahi kweli, msimwonee. Alitabasamu siku nzima. Ila sisi hatukujua kilichomfurahisha, kama ni mtoto au ni zile sifa.

Mwaka wa saba ikaja simu kwa mwenye duka mtaani: Kidoti anakuja kwa wiki tatu, na mtoto wake wa miaka mitano. Dada hakulala wala hakumwacha mtu alale. Alipaka chokaa ukuta, akafua mapazia yaliyokuwa safi, akanifanya nishone vigauni vinne vya mtoto ambaye vipimo vyake hatukuwa navyo. Kitu kimoja kilimtia wasiwasi: mtoto hajui neno la Kiswahili, baba yake anasema Kifaransa tu. "Nitaongea naye vipi?"

"Nipo mimi," shemeji akasema, amevimba kama andazi. "Nitafasiri."

Dada akaanza kuweka maswali. Alinitajia huku akichambua mchele. Nimwulize anapenda kula nini. Nimwulize kama anaogopa giza. Nimwulize kama mama yake humsimulia habari zangu. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo.

Wakaja. Kidoti amekonda usoni na tumbo liko mbele, mimba ya miezi mitano, nikaiona kabla hajaweka mzigo chini, macho ya fundi hayo. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, baba akampa mkono. Mtoto alikuwa na doa lile lile chini ya jicho. Dada alipoliona alicheka akajifuta kwa kanga, akaendelea kucheka.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, kikao kikafunguliwa. Kidoti alikuwa bafuni anafua. Shemeji amekaa kwenye kiti chake, amevaa shati la kazini na kalamu mfukoni, mtoto kapandishwa kwenye kochi la mgeni, dada kakaa mkabala na maswali yake, mimi nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Kabla dada hajafungua mdomo, mtoto akaanza kusema. Akasema sentensi ndefu, haraka, anamtazama babu yake. Shemeji akainamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza kama hakimu.

"Anasema nini?" dada akauliza.

"Subiri."

Mtoto akasema tena, sasa kwa sauti ya juu zaidi, anabana magoti. Shemeji akainua kidole kimoja. "Mmesikia? Sifa mbili kwenye sentensi moja, na zote mbili amezipatanisha. Miaka mitano tu. Damu yangu hiyo."

"Ndiyo, lakini anasema nini?"

Mtoto akasema mara ya tatu, machozi yanamlenga. Kochi likalowa. Mkojo ukashuka ukafika kwenye zulia, ukafika kwenye viatu vya Mesye.

Kidoti akatokea na povu mikononi. Mtoto akamweleza, naye akamtazama baba yake, na kwanza alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Baba, mtoto amekwambia mara tatu kwamba anataka kwenda chooni. Amekwambia suruali yake mpya nzuri italowa. Hukusikia?"

"Nimesikia," shemeji akasema. "Amesema sawasawa kabisa."

Hapo kicheko kikamwisha Kidoti. Alimpangusa mtoto, akambadilisha nguo. Halafu akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, akaliweka mezani. "Hata mimi nilidhani hukunielewa," akasema. "Miaka yote nilidhani Kifaransa changu ni kibaya, ndiyo maana."

Ndani ya kopo kulikuwa na barua. Zote. Kumi na saba, zimejaa wekundu kama nguo iliyochorwa kwa chaki ya fundi.

"Mama," akasema, "barua hizi alikusomea?"

Dada akamtazama mumewe, akamtazama mtoto wake. "Aliniambia hujambo."

Kidoti akakaa karibu naye akaanza kusoma, anageuza kwa Kiswahili anavyokwenda. Ya kwanza ilikuwa ya baridi na viatu, na mwenzake wa bwenini anayekoroma. Dada alicheka. Ya pili, ya tatu, amefaulu mtihani, amempata kijana mmoja fundi umeme mwenye masikio makubwa. Mambo ya kawaida, ambayo mama angeyasikia akaenda kuyahadithia kwa jirani, na yote yalikuwa mageni kwake. Shemeji alibaki palepale, viatu vimelowa, hakuthubutu kuondoka wala kukaa vizuri.

Ya tisa Kidoti aliishika muda kabla ya kusoma.

"Baba, mwambie mama nimechoka. Mimba ni nzito, daktari amenilaza chumbani siku nzima, na mume wangu yuko kazini mbali hadi mwisho wa juma. Niko peke yangu. Sijui kama hali hii ni ya kawaida, na hapa sina wa kumwuliza. Mwulize mama kama anaweza kuja, hata mwezi mmoja tu. Kitanda kipo. Tafadhali mwulize."

Kidoti akageuza karatasi ili mama yake aone. Nami nilisogea nikaona. Juu, ndani ya duara, kumi na moja kwa ishirini. Chini ya neno "nimechoka" mstari mwekundu umepigwa mara mbili, na pembeni, kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: *Nani amechoka? Wewe ni mwanamke. Ongeza e.*

"Nilingoja jibu," Kidoti akasema. "Lilikuja hilo."

Shemeji akakohoa. "Nilikuwa namsahihisha asije akachekwa. Mimi nilichekwa chuoni, mbele ya darasa zima, kwa herufi moja. Hamjui mambo hayo."

"Mwalimu," nikamwambia, "nyamaza."

Dada aliichukua barua. Hakuweza kuisoma, lakini aliitazama mstari kwa mstari. "Hii iliandikwa lini?"

"Miaka mitano na nusu, mama. Mwezi mmoja kabla huyu hajazaliwa."

"Nilikuwa hapa," dada akasema. "Nilikuwa hapa tu, sina kazi yoyote."

Alisema hivyo mara mbili. Kisha akainuka, akaenda chumbani, tukasikia godoro likiinuliwa. Alirudi na bahasha zake, akakaa, akaanza kutafuta tarehe za mihuri. Kidoti alimsomea tarehe za barua, na kila barua ikaingia kwenye bahasha yake. Waliifanya kazi hiyo hadi saa saba na chakula hakikupikwa. Shemeji aliuliza mara moja tu kuhusu chakula.

Walipomaliza, Kidoti akasema, "Mama, safari hii sikuandika. Nimekuja kuuliza kwa mdomo. Huyu wa pili atazaliwa baada ya miezi minne, na yule wa kwanza karibu anitoe roho."

"Nakuja," dada akasema.

"Itabidi tuzungumze," shemeji akasema. "Pasi ya kusafiria, na nyumba, na mimi..."

"Baba Kidoti, nimesema nakuja. Umesikia, au nako kuna kosa?"

Sijawahi kumsikia dada yangu akisema hivyo, si kwa mumewe tu, kwa mtu yeyote. Nilishika futi yangu na nikaanza kumpima mabega papo hapo, kwa ajili ya koti. Pasi ilichukua wiki tano, Kidoti alitangulia na mtoto, dada akafuata. Kwenye uwanja wa ndege shemeji alimpa daftari alilomwandikia, sentensi mia za Kifaransa zenye kupatana sawasawa. Dada alimshukuru. Daftari nililikuta baadaye juu ya kabati la jikoni, alilisahau, au tuseme alilisahau.

Alijifungua salama Kidoti, mtoto wa kiume. Miezi ikapita. Shemeji alikuja kula kwangu, kwa kuwa wali wake ulikuwa unatoka uji. Wanafunzi wa ziada walipungua, nikawa nashona alasiri bila kelele za meza kuwa mke. Ukuta wa mbao nikausikia mwenyewe ukilia kwa joto, kitu ambacho sikukijua zamani.

Juzi akaingia kwangu ameshika barua. Mwandiko wa dada, Kiswahili, kurasa mbili. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akavaa miwani. Mkono ukaenda mfukoni ukachomoa kalamu nyekundu wenyewe, bila kutumwa. Nilimwangalia. Akapitia ukurasa wa kwanza, akapitia wa pili, kalamu hewani.

"Hakuna kosa," akasema. Alisema kwa mshangao, jamani, na fahari kidogo. "Hata moja. Sikujua anaandika vizuri hivi."

"Sikuulizi makosa, shemeji. Anasema nini?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kitu cha darasa asilofundisha.

"Anarudi lini?" nikauliza.

Alishusha macho kwenye karatasi. Hakujua. Alikuwa ameisoma yote, neno kwa neno, na hakujua kama mkewe anarudi. Akairudisha kalamu mfukoni, ikamkwama kwenye kitambaa, akaiweka tu juu ya meza yangu kati ya makasi na uzi. Kisha akaanza upya, kutoka juu, polepole, anatembeza kidole chini ya kila mstari, na midomo inacheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi niliendelea kushona. Alipofika ukurasa wa pili, nadhani penye jibu la swali langu, kidole kilisimama, na kikabaki palepale.